Kidonge cha Kuzuia Siku: Matumizi na Usalama wa Norethisteroni

(Hotuba ya mfamasia mbele ya kina mama wanaojiandaa kwa safari ya Hija na wageni wao, Tanga)

Bi Mwenyekiti, mashekhe wetu mliokubali kukaa nasi katika mazungumzo ambayo wanaume wengi huyakwepa, mama zangu, dada zangu na mabinti, Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kwa wageni wetu wa dini nyingine, habari za asubuhi na karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie dawa moja tu. Katika mwaliko imeitwa vidonge vya kuzuia siku, na kwenye madirisha ya famasi zetu huombwa kwa jina hilohilo, au kwa jina la biashara la Primolut N, hata pale boksi lililopo rafuni linapokuwa limetengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Jina lake la kitaalamu ni norethisteroni, na kidonge kimoja kwa kawaida kina miligramu 5. Niseme mapema kwamba sikuja kuwakataza. Ni dawa ya miaka mingi, inafanya kazi, na wako wanawake waliokuwa wakishindwa kutoka nyumbani siku saba za kila mwezi ambao kwa dawa hii walirudi kazini na shuleni. Linalonisumbua ni kwamba imezoeleka mno, kiasi kwamba dawa inayopaswa kutolewa kwa cheti cha daktari inanunuliwa kama mtu anavyonunua kidonge cha kichwa.

Mnaujua utaratibu wenyewe. Mteja anafika dirishani, anaangalia huku na huku, anainama na kusema kwa sauti ya chini, "Nipe zile za kuzuia." Muuzaji anachukua mkasi, anakata kipande cha vidonge kumi, anakitia kwenye bahasha ndogo ya karatasi, anaandika juu yake "1x3", na biashara imekwisha. Karatasi ya maelezo imebaki ndani ya boksi. Mara nyingi hata tarehe ya mwisho wa matumizi imebaki kwenye kile kipande kingine. Hakuna aliyeuliza umri wa mteja, wala kama ana ujauzito, wala kama aliwahi kuvimba mguu mmoja baada ya kujifungua, wala kama yuko kwenye dawa za kifua kikuu. Ninaowasema hapa ni watu wa fani yangu, na nawasema waziwazi kwa sababu hiyo si huduma ya dawa, ni uuzaji wa bidhaa.

Dawa hii ina historia inayofaa kujulikana. Tarehe 15 Oktoba 1951, katika maabara ya kampuni ya Syntex jijini Mexico City, kijana mkemia aitwaye Luis Miramontes, aliyekuwa na umri wa miaka 26 na bado hajamaliza masomo yake, alikamilisha hatua ya mwisho ya kuitengeneza norethisteroni chini ya usimamizi wa Carl Djerassi na George Rosenkranz. Malighafi yao ilitoka kwenye mizizi ya mimea ya porini ya Meksiko, jamaa wa viazi vikuu tunavyovila hapa. Walichokitafuta kilikuwa dawa ya kumeza ambayo ingefanya kazi ya projesteroni, ile homoni ya asili ya mwanamke, kwa kuwa projesteroni yenyewe ikimezwa ilipotea kwa sehemu kubwa kabla ya kufika inakohitajika, na wagonjwa walilazimika kuchomwa sindano zenye maumivu. Mwaka 1957 dawa hiyo iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya matatizo ya hedhi. Uzazi wa mpango ulikuja baadaye. Na kwa sababu nimetaja viazi vikuu, niwaombe msimwamini yeyote anayewauzia unga wa viazi kuwa ni dawa ya homoni: kazi ya kugeuza kile kilichomo kwenye mizizi kuwa homoni ilifanywa kwa kemikali maabara, na mwili wa binadamu hauwezi kuifanya. Vileni kwa sababu ni vitamu.

Sasa tuingie katika mwili wenyewe, kwa sababu bila kuelewa hapo, yote nitakayosema yataonekana kuwa ni makatazo tu. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko, ovari hutoa homoni ya estrojeni, ambayo huujenga na kuunenepesha utando wa ndani wa kizazi. Yai likishapevuka na kutoka, sehemu lilipotoka hubaki ikitengeneza projesteroni, na hiyo ndiyo inayoutuliza ule utando na kuufanya imara uwe tayari kupokea mimba. Mimba isipotunga, projesteroni hushuka, utando huachia karibu wote kwa pamoja, na mwanamke huona siku zake. Kwa hiyo hedhi ya kawaida ni matokeo ya projesteroni kupanda kisha kushuka. Mwezi ambao yai halikupevuka, projesteroni haipatikani. Estrojeni inaendelea peke yake kujenga, na utando unakuwa kama ukuta wa nyumba unaokandikwa tope juu ya tope bila fito: unanenepa, lakini hauna cha kuushika, na unabomoka vipande vipande, leo upande huu na kesho upande ule. Ndipo mwanamke anapokaa miezi miwili bila kuona kitu, kisha akatoka damu wiki tatu.

Hali hiyo huwapata zaidi mabinti katika miaka michache ya mwanzo tangu kuvunja ungo, wanawake wanaokaribia ukomo wa hedhi, na wale wenye ovari zenye vifuko vingi, hali ambayo wengi mmeisikia ikiitwa PCOS. Norethisteroni inachofanya ni kushika nafasi ya ile projesteroni iliyokosekana. Kwa damu iliyokataa kukata, daktari huandika kidonge kimoja mara tatu kwa siku kwa siku 10, na mara nyingi damu hupungua au kusimama ndani ya siku moja hadi tatu. Mgonjwa asiache hapo kwa kuona amepona. Anamaliza dozi, na siku mbili hadi nne baada ya kidonge cha mwisho atatoka damu tena, safari hii kwa mpangilio, kama hedhi. Wengi hurudi kwetu siku hiyo wakiwa wamefadhaika, wakisema dawa imeshindwa, na wengine huanza pakiti ya pili siku hiyohiyo ili kuizuia. Damu hiyo ndiyo ishara kwamba dawa imefanya ilichotarajiwa kufanya. Aliyewapa dawa bila kuwaambia hilo amewapa nusu ya dawa.

Hutumika pia kwa endometriosisi, ugonjwa ambao tishu inayofanana na ule utando wa kizazi huota nje ya kizazi na kuleta maumivu makali ya hedhi, maumivu ambayo binti huambiwa na kila mtu kwamba yataisha akizaa. Hapo dawa hutumiwa mfululizo kwa miezi kadhaa, mara nyingi minne hadi sita au zaidi, na daktari hufuatilia. Na hutumika kuahirisha hedhi, jambo ambalo wengi wenu limewaleta hapa, nami nitalifikia.

Lakini kabla ya hapo kuna jambo ambalo kama mtaondoka na moja tu, liwe hili. Karatasi ya maelezo ya dawa hii, ile inayobaki ndani ya boksi, inasema isitumiwe kwa damu ya ukeni ambayo chanzo chake hakijajulikana. Maneno hayo yana uzito kuliko yanavyoonekana. Damu inayotoka bila utaratibu inaweza kuwa ni homoni tu, kama nilivyoeleza. Inaweza pia kuwa ni uvimbe kwenye kizazi, tunaouita fibroidi, ambao umeenea sana kwa wanawake wa Kiafrika. Inaweza kuwa ni mimba inayoharibika, au mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo huanza kwa matone machache na maumivu ya upande mmoja na kumalizikia chumba cha upasuaji. Inaweza kuwa tezi ya shingo isiyofanya kazi vya kutosha. Inaweza kuwa ni ile sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ambayo mtu amesahau kwamba alichoma. Na inaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo hapa Tanzania ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko nyingine zote.

Norethisteroni inaweza kuipunguza damu ya baadhi ya magonjwa hayo bila kuutibu ugonjwa wenyewe, na hapo ndipo hatari ilipo. Nilimhudumia mama mmoja, mtu wa makamo, aliyekuja na bahasha tupu akiomba ajaziwe. Hedhi yake, alisema, ilikuwa imekata miaka mitatu iliyopita, kisha "ikarudi", na jirani akamwelekeza vidonge. Kila alipovimeza damu ilipungua, kila alipoviacha ikarudi, na yeye akaona kwamba dawa inamkubali. Sikumjazia. Nilimwandikia kwenye karatasi maneno ya kumpelekea daktari wa kina mama, na nikamweleza kwamba mwanamke akishakaa miezi 12 bila hedhi kwa sababu ya umri, damu yoyote inayokuja baada ya hapo, hata tone, haitwi hedhi tena na lazima ichunguzwe. Uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa siki na kwa kipimo cha kirusi unafanyika katika vituo vingi vya afya nchini, hauchukui muda, na mtu haendi pale kwa sababu anaumwa. Huenda ili asije akaumwa.

Kwa mabinti nina neno la pembeni, kwa sababu naona kina mama wamewaleta. Mtoto wa kike ambaye tangu hedhi ya kwanza anatoka damu nyingi hadi analowanisha kitambaa kila saa, anayetoka damu puani mara kwa mara na fizi zake zikivuja, huenda ana tatizo la damu yenyewe kuganda, na wala si la homoni. Msimgawie vidonge vyenu. Apimwe, na apimwe wingi wa damu pia. Mwanamke asiye mjamzito ambaye hemoglobini yake iko chini ya 12 ana upungufu wa damu, na vidonge vya madini ya chuma vitamsaidia kuliko kitu kingine chochote, mradi asivishushie kwa chai ya rangi, kwa kuwa chai huzuia madini hayo yasifyonzwe. Zipo pia dawa za kupunguza hedhi nyingi zisizo za homoni, kama asidi ya traneksami na asidi ya mefenamiki, na kipo kitanzi chenye homoni. Norethisteroni ni njia mojawapo.

Nije kwenye mimba, ambapo nasikia mambo mawili yanayopingana na yote mawili si kweli. La kwanza ni kwamba kidonge hiki kinashusha mimba au "kinaleta hedhi" iliyochelewa. Asili ya imani hiyo naielewa. Kwa mwanamke asiye na mimba, ukimpa projestini, yaani dawa inayofanya kazi kama projesteroni, kwa siku chache kisha ukaikatisha, damu hutoka, na hata madaktari waliwahi kuutumia ukweli huo. Katika miaka ya 1960 na 1970 huko Uingereza vilikuwapo vidonge vilivyoitwa Primodos, vyenye dawa ya jamii hii pamoja na estrojeni, ambavyo mwanamke alipewa kama kipimo: damu ikitoka, hana mimba, na isipotoka, anayo. Viliondolewa sokoni nchini humo mwaka 1978. Jopo la wataalamu la mwaka 2017 liliona kwamba ushahidi uliopo hauthibitishi kuwa vilisababisha ulemavu wa watoto, na familia zinazoamini kuwa watoto wao waliathirika zimeendelea kulipinga hitimisho hilo. Leo kipimo cha mkojo kinapatikana karibu kila famasi kwa bei ndogo, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kujipima kwa dawa ya homoni. Kama mimba ipo, norethisteroni haiitoi. Inachofanya ni kumweka kijusi mbele ya homoni asiyoihitaji, na inajulikana kwamba dozi kubwa za dawa za aina hii katika miezi ya mwanzo zinaweza kuathiri umbo la viungo vya uzazi vya mtoto wa kike. Pimeni kwanza. Hedhi ikichelewa, pimeni. Damu ikija isivyo kawaida na kuna uwezekano wa mimba, pimeni vilevile.

La pili ni kwamba ukiwa unatumia vidonge hivi vya kuzuia siku huwezi kushika mimba. Chanzo chake ni kwamba norethisteroni hiyohiyo imo kwenye baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango, kwa kipimo cha miligramu 0.35 tu, vinavyomezwa kila siku bila kukosa. Lakini miligramu 5 zinazoanzwa siku chache kabla ya hedhi, wakati yai limeshatoka, hazikuandaliwa wala kuidhinishwa kwa kazi hiyo. Mwenye kuhitaji kinga aendelee na kinga yake.

Kuna na hofu ya tatu, kwamba dawa hii inafunga kizazi. Haifungi. Mtu akiiacha, ovari hurudia kazi yake kama ilivyokuwa kabla.

Hesabu ya kipimo niliyoitaja sasa hivi nataka tuikalie kidogo, kwa kuwa ndiyo inayobeba suala zima la usalama. Anayemeza "1x3" anapata miligramu 15 kwa siku, zaidi ya mara 40 ya kile kidonge kidogo cha uzazi wa mpango. Katika kipimo hicho, sehemu ndogo ya norethisteroni hugeuzwa na mwili kuwa ethinilestradioli, estrojeni ileile iliyomo kwenye vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili. Sehemu hiyo ni ndogo kwa asilimia, lakini mtu akimeza miligramu 10 hadi 20 kwa siku, estrojeni anayoipata inakaribia ile ya kidonge kimoja cha homoni mbili. Maana yake ni kwamba tahadhari zote tunazomwekea anayetumia vidonge vya homoni mbili zinamhusu na huyu, ingawa kwenye boksi lake estrojeni haikutajwa. Kubwa kati ya tahadhari hizo ni damu kuganda ndani ya mishipa ya mguu, donge ambalo likikatika husafiri hadi kwenye mapafu.

Sasa tazameni safari yenu. Basi kutoka hapa hadi Dar es Salaam, saa za kusubiri uwanjani, ndege hadi Jeddah au Madina, kisha basi tena. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba baada ya safari ya kukaa kwa zaidi ya saa 4 hatari ya damu kuganda huongezeka takribani maradufu. Kwa mtu mwenye afya bado ni hatari ndogo, mmoja kati ya kama watu 6,000, na sitaki yeyote aahirishe Hija kwa takwimu hiyo. Lakini kwa mwanamke mnene, mwenye umri uliosogea, anayevuta sigara, au ambaye yeye mwenyewe, mama yake au dada yake aliwahi kupata donge la damu, kuongeza norethisteroni juu ya safari hiyo ni kupandisha mzigo juu ya mzigo. Daktari anaweza kumchagulia projestini nyingine isiyogeuka kuwa estrojeni, kama vile medroksiprojesteroni, au akamshauri aache kabisa.

Wasioitumia ni hawa: aliye na mimba au anayeshuku kuwa nayo, aliyewahi kupata donge la damu, kiharusi au shambulio la moyo, mwenye ugonjwa mkubwa wa ini au uvimbe wa ini, na aliyewahi kupata saratani ya titi. Aliyepata manjano au kuwashwa mwili mzima wakati wa ujauzito aseme, kwa sababu hilo linaweza kujirudia. Mwenye kipanda uso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli aseme. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au selimundu aseme, na anayenyonyesha aseme. Wengi hukaa kimya kwa kudhani mambo hayo hayahusiani na hedhi.

Kuhusu dawa nyingine, iangalieni zaidi rifampisini, iliyomo katika matibabu ya kifua kikuu ya miezi 6. Huichochea ini kuivunja norethisteroni haraka, na dawa ikapungua nguvu. Hivyo hivyo kwa baadhi ya dawa za kifafa, yaani karbamazepini, fenitoini na fenobabitali, na kwa baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kama efavirenzi na nevirapini. Hapa nina ombi kwa wenzangu wa famasi: mteja hatataja dawa za Ukimwi mbele ya foleni. Kama hatuna pembe ya faragha ya kumuuliza, tusijisingizie kwamba tuliuliza.

Sasa Hija. Hukumu za dini nawaachia wenyewe waliokaa pale mbele, na watanisahihisha. Ninachokijua, kama mnavyokijua nyote, ni kwamba Bibi Aisha alipoingia hedhini safarini, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza afanye yote anayoyafanya haji isipokuwa asitufu Al-Kaaba, yaani asiizunguke kwa ibada, mpaka atwaharike. Hedhi haiharibu Hija. Tatizo la wenzetu wa leo ni tarehe ya ndege ya kurudi, kwamba kundi litaondoka kabla hajatwaharika na kutufu tawafu ya nguzo, ule mzunguko ambao Hija haitimii bila yake. Hiyo ni hoja ya kweli na siidharau.

Kwa anayetaka kuahirisha, utaratibu ni kuanza kama siku 3 kabla ya tarehe anayoitarajia hedhi, kidonge kimoja mara mbili au tatu kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10 hadi 14, na hedhi huja siku 2 au 3 baada ya kuacha. Hapo yapo mambo mawili wengi hujikwaa. Anayeanza wakati damu imeshatoka amechelewa, asitarajie kuirudisha. Na yule ambaye siku zake hazina mpangilio hana tarehe ya kuhesabia, hata akipewa kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu. Tena tazameni muda wenyewe. Ibada zenyewe ziko kati ya tarehe 8 na 13 Mfunguo Tatu, lakini makundi mengi hukaa huko zaidi ya hapo, na nimekutana na akina dada wanaotaka kufunga damu tangu kupanda ndege hadi kurudi. Siku 14 hazitoshi kwa mpango huo, na kuongeza pakiti kwa uamuzi wako mwenyewe si jibu. Ama uahirishe kwa kulenga siku za tawafu ya nguzo peke yake, ama umwone daktari miezi miwili au mitatu kabla ya safari ili akuangalie kama unafaa kuwekwa kwenye vidonge vya homoni mbili mfululizo, ambavyo mwili huhitaji muda kuvizoea. Ukienda kwa daktari wiki ya chanjo, umemnyima nafasi ya kukusaidia.

Matone yanaweza kutokea hata kwa aliyefuata kila kitu, hasa akisahau kidonge katika pilikapilika za Mina. Kama matone hayo ni hedhi au istihadha, yaani damu isiyohesabiwa kuwa hedhi, muulizeni shekhe wa kundi, asiulizwe mfamasia. Mtu asiongeze vidonge mara mbili kwa hofu. Pangeni saa za kumeza, kila baada ya saa 8 kwa wanaotumia mara tatu, na muweke vidonge kwenye mkoba wa mkononi pamoja na nakala ya cheti, vikiwa ndani ya boksi lake. Kwenye ndege inukeni mtembee, nyosheni miguu, kunyweni maji. Najua wengi hujinyima maji kwa sababu ya foleni za vyoo. Kwa anayetumia dawa hii kwenye joto la Makka, hiyo si tahadhari nzuri.

Kuhusu Ramadhani nitasema kifupi. Anayetaka kufunga siku zote 30 bila kukatisha anaomba homoni za wiki nyingi kwa jambo ambalo sheria yenyewe imempa ruhusa na njia ya kulipa. Kitabibu siioni faida inayolingana na hatari. Kwa harusi na mitihani, kwa mwanamke mwenye afya na mara moja moja, sina pingamizi, mradi cheti kimeandikwa na mtu aliyemuuliza maswali.

Madhara ya kawaida ni kichefuchefu, kichwa kuuma, matiti kujaa, mwili kuvimba kidogo na hasira za karibu, ambazo waume zenu wataziona kabla yenu. Hayo hupita. Yafuatayo hayasubiriwi hata siku moja: mguu mmoja, hasa upande wa nyuma wa chini ya goti, kuvimba, kuuma na kuwa na joto, maumivu ya kifua au pumzi kukatika ghafla, kichwa kinachouma ghafla kwa ukali usioujua, jicho kupoteza nuru, mkono au uso kulegea, macho au ngozi kuwa ya njano. Acheni dawa palepale na muende hospitali, hapa au Makka, na mtaje jina la norethisteroni kwa anayewapokea, kwa sababu daktari asiyejua kwamba mmemeza homoni atatafuta chanzo kwingine. Mkirudi salama na mlipata madhara, tuleteeni taarifa famasi tujaze fomu iende kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Bi Mwenyekiti, naona mikono imeshaanza kuinuliwa. Nimeomba nipewe chumba cha nyuma hadi adhana ya Adhuhuri, kwa wale ambao maswali yao si ya kipaza sauti. Waje na dawa zote wanazotumia, hata za mitishamba, na kama wana bahasha isiyo na jina, waje nayo vilevile.